UZI: Bomba la futi 32 – kisima cha Drake, sanamu ya makaburini na debe la mafuta ya taa

#1 Fundi_Visima (Dodoma)

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni kuchimba visima vya maji, huu ni mwaka wa 14. Juzi tulilala porini upande wa Bahi, rigi, yaani mashine ya kutobolea, imepasua mpira wa haidroliki, tunasubiri mwingine utoke mjini. Sina la kufanya, nikawa nasoma simu mpaka chaji inakata. Nikaangukia habari za kisima cha mafuta cha Edwin Drake, kule Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859. Shuleni tulipewa mstari mmoja tu, "kisima cha kwanza cha mafuta duniani", mwalimu akafuta ubao.

Nawaeleza kifundi, maana naona wengi walioandika habari hii hawajawahi kupakwa tope la shimo.

Kwanza tuliweke pembeni hilo neno "aligundua". Mafuta pale hayakuwa siri ya mtu. Kijito chenyewe kinaitwa Oil Creek, yaani Kijito cha Mafuta, na Drake alikikuta na jina lake. Waseneca, wenyeji wa pale, walikuwa wanatandaza blanketi juu ya maji, linanyonya ule utando, wanalikamua. Walitumia kama dawa. Wazungu nao wakaingia kwenye biashara hiyo hiyo: bwana mmoja wa Pittsburgh, Samuel Kier, mafuta yalikuwa yanamchafulia visima vyake vya chumvi Tarentum. Badala ya kuyamwaga akayatia kwenye chupa na kuyauza kama dawa ya kila ugonjwa. (Hawa mnawajua. Panda basi la Singida uone kama hutauziwa chupa kabla ya Manyoni.)

Mwenye akili ya taa alikuwa George Bissell, mwanasheria. Yeye aliona sampuli akajiuliza: kama kitu hiki kinawaka, kwa nini tunakichua kwenye magoti? Wakampa profesa wa Yale, Benjamin Silliman Mdogo, akakichemsha na kukitenganisha, na mwaka 1855 akatoa ripoti kwamba kinatoa mafuta mazuri ya kuwashia taa. Wakati huo Wamarekani wenye uwezo waliwasha mafuta ya nyangumi, ghali, na kila mwaka meli zinakwenda mbali zaidi kuwatafuta hao nyangumi.

Tatizo likabaki wingi. Huwezi kuwashia mji kwa kukamua blanketi.

Hapo ndipo anapoingia Drake. Si mhandisi, si mtu wa miamba. Alikuwa kondakta wa treni aliyeacha kazi kwa ajili ya maradhi, na mkononi amebaki na pasi ya kusafiri bure. Pasi hiyo ilichangia sana kumpa kazi. Hata ukanali wake ni wa bandia: James Townsend, mtu wa benki wa New Haven na mmoja wa wenye kampuni iliyomwajiri Drake, alitanguliza barua Titusville zimeandikwa "Kanali E. L. Drake" ili wenyeji wamwandalie kiti. Jamaa hakuwa mwanajeshi. Mpaka leo vitabu vinamwita Kanali.

Alianza kwa sururu na koleo. Shimo likajaa maji na kuta zikaporomoka. Akaamua kutoboa kwa mtindo wa visima vya chumvi: patasi nzito ya chuma inaning'inia, inainuliwa na kuachiwa, inainuliwa na kuachiwa, inasaga mwamba. Akanunua injini ya mvuke ya nguvu za farasi 6. Fundi akamsumbua kumpata, walimwona chizi. Mei 1859 ndipo akaja William Smith, mhunzi, wenyewe wanamwita "Uncle Billy", Mjomba Billy. Alikuwa anawahunzia zana watoboaji wa chumvi kule Tarentum. Ujira dola 2.50 kwa siku. Akaja na mwanawe amsaidie kazi.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo uzi wangu ulipo.

Kando ya kijito chini ni mchanga, changarawe na tope, mwamba uko mbali. Mwaka 2019 nilipewa kazi bondeni, mteja anang'ang'ania shimo liwe karibu na mto kwa sababu "maji ndiyo yalipo". Mita 9 tu, shimo likaanza kula. Kompresa inavuma, kinachopanda ni uji wa mchanga. Unainua fimbo uone, unachungulia: shimo hakuna. Limejifunga kama hukuwahi kuja pale. Unaanza tena, linajifunga tena. Siku tatu. Tukapoteza biti, ile ncha ya kutobolea, imezikwa huko mpaka kesho, na mteja akagoma kulipia mita zilizoporomoka. Nilirudi mjini nimepanda lori la mkaa.

Drake na Billy walikutana na shetani huyo huyo. Walichofanya: wakachukua bomba la chuma, vipande vya futi 10, wakalisimamisha na kuligongelea chini kwa gogo zito, kipande juu ya kipande, futi 32, mpaka likakalia mwamba. Mchanga wote umebaki nje. Ndipo wakashusha patasi NDANI ya bomba.

Hiyo ndiyo kesingi, wakuu. Hiyo hiyo ninayoishusha mimi kila wiki, ila yangu ni ya plastiki. Kwa hiyo mimi sioni mtu aliyegundua mafuta pale. Naona mtu aliyekataa kuacha shimo lijifunge. Na hakuchukua hataza. Kila aliyekuja baada yake aliiga bure.

Kwenye mwamba walikwenda kama futi 3 kwa siku. Jumamosi tarehe 27 Agosti 1859, wakiwa futi 69 hivi, patasi ikaingia kwenye ufa ikashuka inchi 6 kwa mpigo. Wakakusanya vyombo wakaenda kulala, kesho Jumapili. Hakuna aliyerusha kofia. Hakuna mafuta yaliyoruka juu kama kwenye sinema.

Jumapili Mjomba Billy akatembea mpaka pale kuchungulia. Mnajua tabia hiyo, fundi hawezi kukaa nyumbani na shimo limelala wazi. Akaona kitu cheusi kinaelea ndani ya bomba, si mbali na mdomo. Akachukua kipande cha mfereji wa bati, akakiziba upande mmoja, akakitosa, akachota.

Drake hakuwepo.

Na huku Townsend alishatuma barua na fedha za mwisho: lipa madeni, funga kazi, rudi. Barua iko njiani.

Betri asilimia 6. Nitaendelea na habari ya sanamu. Swali langu kwenu liwe hili: kwenye shimo lile, jina la nani liandikwe?

#2 Kinyozi wa Sabasaba

Naweka kiti mbele kabisa. Mkuu biti yako bado iko kule bondeni? Tupe ramani 😂

#3 Kipara_Mbishi (Arusha)

Uzi mzuri ila kichwa cha habari cha mwalimu wako kirekebishwe. "Cha kwanza duniani" ni Wamarekani kujipigia ngoma.

Baku walitoboa Bibi-Heybat mwaka 1846, mita 21. Drake futi 69 na nusu ni mita ngapi? 21! Miaka 13 baadaye, kina kile kile. Poland, Ignacy Łukasiewicz alikuwa na visima Bóbrka mwaka 1854, na mwaka mmoja nyuma taa yake ya mafuta ilishawashwa hospitalini Lwów. Kanada, James Miller Williams, Oil Springs, Ontario, 1858, mwaka mzima kabla ya Drake. Halafu Wachina wa Zigong kule Sichuan walikuwa wanatoboa visima vya chumvi kwa patasi na kamba, mwaka 1835 wakavuka mita 1,000. ELFU MOJA. Nyie mnanisimulia futi 69.

Na kila mmoja ana jumba lake la makumbusho. Bóbrka lipo, Oil Springs lipo, Titusville lipo. Kila kijiji duniani kina "cha kwanza" chake.

#4 Fundi_Visima

Kipara nakuvulia kofia, hasa hao wa Zigong. Mianzi na kamba, mita elfu, mimi nina kompresa na nalia mita 120.

Ila tenganisha vitu. Williams wa Kanada kisima chake alikichimba kwa mikono, kama cha maji cha kijijini. Ni halali, mafuta ni mafuta, na alisafisha akauza kabla ya Drake. Ninachosema, kisima cha Drake kilifuatwa na mamia. Ndani ya mwaka mmoja bonde lile limejaa minara ya mbao kama shamba la mkonge lililotoa maua. Ukitaka kujua nani "wa kwanza" unaangalia tarehe. Mimi naangalia mafundi waliofuata waliiga nini. Waliiga bomba.

#5 Mama Kevo wa Pittsburgh

Jamani huu uzi umenikuta nyumbani kabisa. Naishi Pittsburgh mwaka wa 9, na Titusville nimefika, ni mwendo wa kama saa mbili kaskazini. Watoto walikuwa na mradi wa shule, nikajua tutakwenda kuona kitu cha maana, kumbe ni kibanda cha mbao na mnara mfupi kando ya kijito! Nilimwambia mume wangu mbona kama banda la kukobolea mpunga kwetu Kyela.

Lakini walipoiwasha ile mashine nikanyamaza. Injini inapumua pole pole, boriti inapanda na kushuka, kwa… kwa… kwa. Kibanda chote kinanuka mafuta. Mtoto wangu mdogo akaziba pua akasema kunanuka kama jiko la bibi.

Sasa Fundi, hili utalipenda. Kile kibanda si chenyewe. Cha asili kiliungua Oktoba 1859, hakijamaliza hata miezi miwili, na aliyekiunguza ni huyo huyo Mjomba Billy wako! Aliingia na taa ya moto wazi kuangalia mafuta. Wakajenga kingine. Miaka ikapita, mwaka 1866 mpiga picha John Mather akaja akapiga picha ile inayozunguka kila mahali, mabwana wawili wamesimama mbele, mmoja na kofia ndefu. Huyo wa kofia ndefu ni Drake. Watu miaka yote wameandika chini yake "Drake na Uncle Billy, 1859". Si 1859, na huyo mwingine si Billy! Ni Peter Wilson, muuza dawa wa mjini, rafiki wa Drake. Na kibanda kilicho nyuma yao ni cha pili. Mwaka 1945 walipojenga mfano unaoonekana leo walifuata picha hizo za Mather. Kwa hiyo tulichokwenda kuona ni nakala ya kibanda cha pili.

#6 Fundi_Visima

Mama Kevo umenimaliza. Fundi mwenyewe kafutwa kwenye picha, wameweka muuza dawa!

Ila huyo Peter Wilson tumtendee haki. Kampuni ilipokauka fedha, Drake alikopa dola 500 benki, na Wilson ni mmoja wa wawili waliomdhamini. Bila saini yake ile injini ingezimwa mapema. Kwa hiyo kusimama kwenye picha alistahili, tatizo ni jina alilopachikwa.

Kuhusu kuingia na taa kisimani, sina la kumtetea Mjomba. Kijana wangu mmoja aliwasha sigara pembeni ya pipa la dizeli nikamfukuza na koleo.

#7 Swalehe_Kilindini (Mombasa)

Naomba kuuliza wataalamu, hili pipa linalotajwa kila siku kwenye taarifa ya habari, "bei ya pipa moja", ndilo lilianzia huko huko? Maana nafanya kazi bandarini na mapipa ninayoyajua ya chuma yana lita 200 na ushei, lakini pipa la mafuta ghafi wanasema lita 159. Sijawahi kuliona hilo pipa na macho.

#8 Kipara_Mbishi

Swalehe hulioni kwa sababu halipo, ni la kwenye hesabu tu. Lakini hapo zamani lilikuwepo, na ndiyo, ni la bonde lile lile. Mafuta yalipotoka hakuna aliyekuwa na chombo. Walijaza mapipa ya wiski, ya samaki, ya chumvi, kila mtu kipimo chake na kila mtu anaibiwa. Mwaka 1866 wazalishaji wa Pennsylvania wakakubaliana galoni 42, na mwaka 1872 chama chao kikaligonga muhuri. Dunia nzima mpaka Saudia inauza kwa pipa la wiski la washamba wa Pennsylvania.

Na bei: mwanzoni mwa 1860 pipa lilifika dola 20. Mwisho wa 1861 ni senti 10. Pipa lenyewe tupu lilikuwa ghali kuliko kilichomo ndani.

#9 Bi Khole wa Ng'ambo (Unguja)

Wanangu, mimi si mtu wa kuandika sana, nnasoma tu kila siku. Leo mmenigusa kwa hilo la vyombo.

Nyinyi mnatafuta ukumbusho wa mafuta hayo Marekani. Ukumbusho wake tulikuwa nao sisi barazani. Debe! Mnadhani debe limetoka wapi? Neno tumelichukua kwa Wahindi, dabba, lakini bati lenyewe lilikuja na mafuta ya taa. Kampuni ya Standard Oil ilikuwa ikipeleka mafuta Asia na Afrika kwenye makasha ya mbao, kila kasha mabati mawili ya mraba, kila bati galoni 5 za kwao. Mafuta yakisha, bati linabaki. Hapo ndipo likaingia kila pahala.

Bibi yangu alikuwa na madebe saba, nayakumbuka moja moja. La maji ya kisima, hilo lina ubao umepigiliwa juu kati kwa mkono. La kufulia. La mchele, lenye kifuniko. Moja limekatwa ubavu likawa jiko la kuokea mikate ya ufuta, makaa chini na juu. Na mlango wa choo ulikuwa debe lililopasuliwa na kunyooshwa, jua likipiga ukiona herufi za kizungu zimepinda. Tukiwa watoto tulikuwa tukizisoma kinyumenyume.

Na kasha la mbao ndilo lililokuwa kabati la vyombo. Hakikutupwa kitu.

Kabla ya hayo watu wakiwasha taa kwa uto wa nazi na mafuta ya ufuta. Yalipokuja ya bati ndipo kukaingia kibatari, na wenye nacho wakatia taa za chemni. Wamarekani kwetu si wageni, nguo yao tulishaivaa zamani, ndiyo merikani hiyo. Sultani Said alitia saini mkataba nao mwaka 1833, na balozi wao wa mwanzo, Bwana Waters wa Salem, alikuja 1837. Meli zao za kuwinda nyangumi zilikuwa zikipita bahari hizi. Kwa hivyo nyangumi aliyepumzishwa na Bwana Drake, mwengine ni wa huku huku kwetu.

#10 Mama Kevo wa Pittsburgh

Shikamoo Bi Khole. Nimelia. Mikate ya ufuta kwenye debe!!

#11 Mpima_Nafaka (Songea)

Bi mkubwa shikamoo. Mimi nanunua mahindi vijijini, debe ndiyo biashara yangu, sikujua kama nabeba Wamarekani. Nimepiga hesabu: galoni 5 za Marekani ni kama lita 19. Galoni ya Mwingereza ni kubwa zaidi, kwa hiyo inakuwa galoni zake 4 na ushei. Ndiyo maana wazee wanasema debe ni galoni nne. Gunia ni debe sita. Kumbe gunia la Songea limepimwa na mtu wa mafuta ya taa.

Msiniulize habari ya lumbesa, hapo Drake hahusiki.

#12 Kipara_Mbishi

Bi Khole, shikamoo. Niongezee hapo kidogo kwa niaba ya Baku. Mwaka 1892 Marcus Samuel alipitisha meli yake Murex katika Mfereji wa Suez, imebeba mafuta ya Urusi yamemwagwa matangini moja kwa moja, bila bati wala kasha. Akajua kamkomesha Standard Oil kwa bei. Yalipofika Mashariki watu hawanunui! Kumbe wanataka bati. Bati lina kazi zaidi ya mafuta. Ikabidi atengeneze mabati hukohuko, akayapaka rangi nyekundu kwa sababu ya Standard yalikuwa ya buluu. Biashara hiyo ndiyo baadaye ikaitwa Shell.

#13 Omukama_wa_Simu (Hoima)

Salamu kutoka Bunyoro. Mnasafiri mbali sana, njooni ziwani Albert. Huku pia mafuta yalikuwa yanajitokeza yenyewe kando ya ziwa, watu wanayaona. Mwingereza Wayland, mtu wa jiolojia, aliandika habari zake 1925. Mwaka 1938 wakatoboa kisima Butiaba, Waki. Halafu vita vya dunia, halafu mambo mengine, na kimya. Mpaka 2006 ndipo ikatangazwa kwamba yapo ya kutosha biashara. Miaka 68 hiyo. Sasa wanajenga bomba kilomita 1,443 mpaka Chongoleani, Tanga, na kila kiongozi anataka picha akiwa amevaa kofia ngumu.

Swali la Fundi ni zuri. Huku mjini kila mtu anajua majina ya makampuni. Waliobeba mabomba Waki mwaka ule 1938, mikono ilikuwa ya nani? Babu zetu. Waulize majina.

#14 Swalehe_Kilindini

Turkana pia, Ngamia-1, 2012. Kisima kimepewa jina la ngamia, angalau ngamia amekumbukwa 😅

#15 Ndugu_Msajili

Wa Nigeria nao hawajambo? Oloibiri, 1956, kisima cha kwanza cha biashara, mzigo wa kwanza ukatoka 1958. Sasa kimekauka, pale limebaki lile jungu la vali wanaloliita mti wa Krismasi, na kibao. Wanakijiji wa pale miaka na miaka wanadai hilo jumba la makumbusho waliloahidiwa. Kibao nacho si haba, ila hakileti umeme.

Fundi ulituahidi sanamu. Usitoroke kama mteja wako.

#16 Fundi_Visima

Nimerudi, mpira wa haidroliki umefika, tuko kazini, naandika saa ya chakula.

Bi Khole, shikamoo. Nilipoanza uzi nilidhani mimi ndiye nina habari.

Sanamu ni hivi. Drake hakununua ardhi ya maana pale. Wenzake wananunua bonde zima, yeye anachota na beseni. Visima vikawa vingi, bei ikaanguka kama Kipara alivyosema, kampuni ikamwachisha. Akahamia kununua na kuuza mafuta, fedha alizopata akazipoteza New York kwenye biashara ya hisa. Akawa mgonjwa, mti wa mgongo, hawezi kusimama sawasawa, mkewe anashona nguo za watu. Mwaka 1873 Bunge la Pennsylvania likampa dola 1,500 kwa mwaka. Akafa 1880 katika mji wa Bethlehem, mbali na Titusville, akazikwa huko.

Miaka 21 baadaye, Oktoba 1901, ukumbusho ukazinduliwa makaburi ya Woodlawn, Titusville. Mwaka uliofuata wakamfukua wakamleta alale hapo. Fedha alitoa Henry Rogers, mkubwa wa Standard Oil, kimya kimya bila jina lake kutajwa. Yaani wenye madebe ya Bi Khole. Waliotajirika na shimo la mtu wakamjengea kaburi zuri, alipokuwa hai aliyemlisha ni mkewe na sindano.

Sanamu yenyewe ni ya shaba, kazi ya Charles Henry Niehaus, inaitwa Mtoboaji. Mwanaume amepiga magoti, kifua wazi, ameinua nyundo juu ya patasi. Mama Kevo kama ulipita makaburini utanisahihisha.

Sasa mniambie. Drake hakupiga nyundo. Drake alivaa kofia ndefu. Anayepiga magoti na nyundo pale juu ya kaburi la Drake ni nani, kama si mhunzi?

#17 Mama Kevo wa Pittsburgh

Tulipita, mvua inanyesha. Ni kama nusu duara ya mawe, nguzo, maandishi ya kumsifu Drake kushoto na kulia, na huyo wa shaba katikati. Nilidhani ndiye Drake! Nilimwambia hata mtoto, "huyo ndiye aliyechimba". Jina la Billy kwenye sanamu sikuliona. Jumba la makumbusho habari zake wanazisimulia vizuri, nisiwasingizie.

#18 Kipara_Mbishi

Hapo nitakubishia Fundi, samahani. Billy alilipwa dola 2.50 kila siku, mafuta yatoke yasitoke. Aliyekaa na madeni, aliyechekwa mtaani, aliyeng'ang'ania miezi yote hiyo bila kitu ni Drake. Mafundi mnadhani shimo ni la aliyeshika nyundo. Siku hamna mtu wa kukopa na kung'ang'ania mnakaa nyumbani. Wewe mwenyewe juzi ulikuwa unasubiri mpira uletwe na nani?

#19 Fundi_Visima

Na mwenye rigi. Umenishika pabaya.

Sawa, Drake abaki. Sisemi atolewe. Na kung'ang'ania lile bomba ni kwake, Billy mwenyewe alikuwa fundi wa patasi. Nachosema ni kwamba kule kwenye jiwe kuna nafasi ya majina mawili.

#20 Bi Khole wa Ng'ambo

Nyinyi mnagombania jiwe. Na yule wa blanketi je? Mseneca? Aliyewaonesha njia ya kijito jina lake hamkulitaja tangu mwanzo wa uzi mpaka leo.

#21 Omukama_wa_Simu

Bi mkubwa kafunga goli.

#22 Ndugu_Msajili

Jina lake lilibaki, ila kwenye kampuni. Kampuni iliyomwajiri Drake iliitwa Seneca Oil. Kabila limepewa heshima ya kuwa chapa, hisa hawakupewa.

#23 Kinyozi wa Sabasaba

Duh.

#24 Fundi_Visima

Kimya cha siku nne, samahani, mtandao huku ni wa kupanda kichuguu.

Tumemaliza Bahi. Udongo wa juu ulikuwa mbaya, mita 14 za mchanga, nikawaambia vijana leo tunafanya ya Mjomba Billy. Tukashusha kesingi ya chuma kwanza mpaka mwamba, ndipo tukaingia na nyundo. Maji mita 58, mazuri, hayana chumvi. Wanawake wa pale walikuja na ndoo kabla hatujasafisha kisima, tope tupu, wakachota hivyo hivyo wakasema litatulia.

Uzinduzi ni mwezi ujao, mgeni rasmi anakuja na bamba lake la marumaru, limeshachongwa Dodoma mjini, nimeliona. Jina lake na tarehe.

Wakati saruji ya kitako bado mbichi nilimpa kijana wangu msumari. Nikamwambia aandike upande wa nyuma, kule maji yanakotiririkia: "Kina m 72. Kesingi ya chuma m 14. Maji m 58." Fundi atakayekuja kutoa pampu miaka kumi ijayo atahitaji namba hizo, mimi mara nyingi nimekuta kisima hakina hata moja nikawa napapasa. Akaniuliza, na jina? Nikamwambia liandike. Akaandika la kwake, la mwenzake wa kompresa, halafu akaniuliza la mzee aliyetuonyesha mahali pa kutoboa, yule wa mkwaju.

Nafasi ilikuwa imebaki ndogo, ikabidi abane herufi.

#25 Kinyozi wa Sabasaba

Na biti ya bondeni?

#26 Fundi_Visima

Iache ilale.